Arifa Zote Zimefika Namilala

Hamisi wa ofisini ameniomba niandike. Anasema vijana wanaoajiriwa sasa hawajui tulikotoka, na mimi nimestaafu, kutwa niko barazani kwangu Ufukoni nikigombana na kunguru wanaoiba dagaa nilioanika, kwa hiyo nafasi ninayo. Haya, ninaandika. Vyeo sitavitaja, na mshahara ni siri yangu na Mungu. Nitaandika yale yaliyoniacha mdomo wazi, maana nikisema kweli, kazi yangu yote nimeifanya nikiwa nimeshangaa. Anayedhani mtu akizeeka hashangai tena, huyo hajafanya kazi ya mawasiliano.

Nilitoka Songea nikiwa msichana, sanduku la bati kichwani na cheti kipya ndani yake. Bahari nilikuwa sijawahi kuiona. Nilikabidhiwa kwa Mzee Likanga, Mmakonde wa Newala mwenye chale usoni na ulimi mkali kuliko chale zenyewe.

"Wewe Mngoni, unaogopa kupanda nguzo?"

"Siogopi, mzee."

"Basi utaogopa kushuka. Twende."

Akanipa simu ya kupimia laini, koleo na panga. Koleo nililielewa. Nikauliza panga la nini. "La mikorosho," akasema, akatangulia. Kumbe laini zetu zilikatiza mashambani, na tawi la mkorosho likishalala juu ya waya, watu wanaoongea Mtwara na Masasi wanasikia kama kuna mtu katikati yao anakaanga samaki. Mwezi wangu wa kwanza kama fundi wa simu nilikata matawi mengi kuliko waya.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa Mikindani. Watoto wa bibi mmoja walilalamika kutoka Dar es Salaam kwamba wakimpigia mama yao simu inaita tu, haipokelewi. Tulipima laini nguzo kwa nguzo, nzima. Tukapima mpaka ukutani kwa bibi, nzima. Nilitaka kubadilisha waya wote. Mzee Likanga akavua viatu, akapiga hodi, akaingia, akauliza kwa adabu simu yenyewe iko wapi. Bibi akafungua kabati la vyombo vya wageni. Simu ilikuwa chini kabisa, imefungwa kwa kanga tatu, chumvi ya bahari isiile. Na yeye bibi kutwa alikuwa anashinda uani.

Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mzee hakucheka. "Bibi, simu yako nzima kabisa," alimwambia. "Umeitunza mno, basi." Tukiwa njiani kurudi akaniambia, "Waya umefika. Mtu je?" Tangu siku hiyo kila tulipomaliza kazi aliniuliza hivyo hivyo. Mtu je? Nilidhani ni kauli ya mzee aliyechoka na jua.

Waya ukaondoka, ikaja minara. Ukaja ujumbe mfupi, zikaja simu za kugusa. Kila kitu kilipokuja tuliitwa kwenye semina, tukapewa soda, tukaambiwa sasa usumbufu basi. Mzee Likanga alistaafu, akarudi Newala, akafa, Mungu amrehemu. Koleo lake aliniachia mimi. Ninalo mpaka leo, na kunguru wa Ufukoni wanalijua.

Miaka yangu ya mwisho niliimaliza kwenye ofisi ndogo ya tahadhari za mto. Nyie mnaosoma mmezaliwa na simu mkononi, lakini mto huenda hamuujui, kwa hiyo nieleze. Ruvuma ina tabia moja mbaya. Mvua inanyesha huko juu, kwetu Songea na kwingine, na maji yanakuja taratibu mpaka huku mdomoni, jua likiwa linawaka na anga jeupe. Na huku bondeni ndiko watu wanakolima mpunga. Ukianza kuiva, familia nzima inahama kijijini, inakwenda kuishi kwenye dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu, ili mchana wapige madebe kufukuza ndege. Mwaka mmoja kabla sijajiunga na ofisi ile, maji yaliwakuta wamekaa. Wengine hawakurudi. Ndiyo sababu ya ofisi yenyewe kuwepo, msije mkasahau mkadhani ipo kwa ajili ya semina.

Hamisi, mtoto wa Mikindani, kichwa chepesi na mdomo mwepesi zaidi, ndiye aliyetengeneza programu ya simu. Kipimo cha mto huko juu kikiona maji yamepanda, seva yetu inatuma arifa, na simu ya mkulima inalia mlio mkali na kuonyesha maneno. Maneno yenyewe yaliandikwa na kikao. Yalianza "Ofisi inawatahadharisha wakazi wote wa maeneo ya bondeni," yakapita hapa na pale, yakamalizia na "Kwa maelezo zaidi piga simu ofisini." Mimi nilikabidhiwa malalamiko. Mtu akisema arifa haikumfikia, faili langu.

Na hazikuwafikia! Jamani, hazikuwafikia kwa namna ambazo sikuwahi kuziota. Seva inaandika "imetumwa", Hamisi anashangilia, na mtu yuko mbele yangu ameshika simu haina kitu. Nilijifunza upya nikiwa na mvi. Kwanza, kutumwa maana yake mizigo imepokelewa na wenye mitambo mikubwa huko ughaibuni, wao ndio wanaoipeleka kwenye simu, na wao hawakuambii kama mtu yuko nyumbani. Pili, watu wetu data wanaizima. Wanaiwasha kama mtu anavyofungua bomba, wanachota, wanafunga. Tatu, mtu anafuta programu, anaiweka tena, simu inapata anwani mpya kwa seva, na sisi tunaendelea kutuma kwenye ile ya zamani. Nne, huko karibu na mto simu inakamata mtandao wa ng'ambo, wa Msumbiji. Simu ikishavuka hivyo haipokei kitu, na saa yake inarudi nyuma saa nzima. Mzee mmoja mwezi wa Ramadhani aliamka ale daku, akakuta adhana ya alfajiri imeshapigwa. Alinilaumu mimi. Nilimwomba radhi kwa niaba ya Msumbiji.

Hayo yote tuliyatafutia dawa. Hamisi akaongeza kitu kizuri, nilimpongeza sana: arifa ikishaonekana kwenye kioo, simu yenyewe inajibu, na ofisini tunaona taa ya kijani kwenye jina la kijiji. Tukaacha kuamini neno "imetumwa". Vijiji vyote vya bondeni vikawa kijani, kimoja baada ya kingine.

Isipokuwa Namilala.

Namilala iko ukingoni kabisa, kijiji juu, mashamba chini. Hakuna umeme wa nguzo, ingawa huko Madimba gesi inapita kwenda kuwasha Dar es Salaam, lakini hilo tuliache, shinikizo la damu linapanda. Kila tukituma arifa ya majaribio, Namilala kimya. Tunakwenda. Tunawaita watu, tunashika simu zao, tunafungua programu, tunakagua kila kitu, Hamisi anatuma, zinalia zote! Watu wanapiga makofi. Tunarudi mjini tunaimba. Baada ya siku chache tunajaribu tena, kimya. Ugonjwa gani huu unaopona daktari akiingia? Hamisi alianza kusema kijiji kina mambo. Nilimwambia akinyamaza atapata akili.

Safari moja alikuja kwangu binti mmoja, Zainabu, mtoto kambeba mgongoni, matope yamemkaukia miguuni. Alikuwa amepanda kutoka kwenye dungu lake la mbali, karibu kabisa na mto. Mume yuko baharini kwenye uvuvi, kule chini yuko peke yake na mtoto.

"Mama, mimi sijui mambo ya seva," akasema. "Mwaka ule wa maji shangazi yangu alibaki kule. Mimi niko na huyu. Hiyo simu yenu italia au hailii? Niambie nijue."

Nikamwambia ninafanyia kazi. Jibu la ofisini. Alinitazama, akamweka mtoto vizuri mgongoni, akashuka. Sikulala vizuri wiki ile.

Nikarudi Namilala na dereva tu, bila Hamisi, yeye akae ofisini atume. Nilikuwa nimeazimia kukaa kutwa nzima bila kugusa simu ya mtu. Lakini simu yangu mwenyewe, betri yake imezeeka kama mwenyewe, ilizima kabla hata sijanywa chai. Nikaelekezwa kwa Bi Somoe.

Bi Somoe ndiye mama yake Zainabu, na ndiye mwenye kibanda cha kuchaji simu. Mwanamke mnene, mcheshi, sola mbili juu ya bati, na ndani rafu za mbao zimejaa simu, kila moja imebandikwa plasta ya rangi ili asizichanganye. Sifa zake zilivuka vijiji. Watu walitoka mbali na simu zao, maana chaji ya Bi Somoe ilikuwa haiishi. Ukichaji kwa mwingine, simu inakufa siku ileile. Ukichaji kwa Bi Somoe, unakaa nayo kesho na keshokutwa. Wengine walisema jua la kwake ni kali. Wengine walisema kuna kisomo.

"Lete, Mama Faraja," akanipokea. "Hapa umefika. Utanikumbuka."

Nikamwachia, nikaenda kuzungumza na watu. Niliporudi mchana akanipa simu imejaa. Nikaitumia, nikapiga kwa Hamisi, nikapiga kwa dada yangu Songea, nikapiga picha za mto. Nikatazama betri. Haijashuka! Simu hii ambayo nikiitazama tu inashuka! Nilipigwa na bumbuwazi katikati ya njia. Nikajisemea, Somoe huyu ana nini?

Halafu Hamisi akanipigia. "Mama, nimetuma ya majaribio kwako na kijiji kizima. Umeionaje?"

"Ipi?"

"Mama, nimetuma kitambo."

Nikatazama kioo. Hakuna kitu. Simu yangu mimi, mkaguzi wa arifa, ambayo asubuhi ilikuwa inalia vizuri! Mtandao upo, data imewashwa. Nilirudi kwenye kibanda nikitembea kama mtu aliyesikia msiba.

"Bi Somoe, shoga yangu, niambie ukweli. Simu yangu uliifanya nini?"

Akacheka, akafurahi kwelikweli kuulizwa. "Wengine nawaficha, lakini wewe ni mtu wa kazi hizi, nitakuonyesha." Akachukua simu ya mteja kwenye rafu, akaingia kwenye mipangilio, vidole vinakimbia, akafika kwenye orodha ya programu. "Unaona hizi? Hizi zote zinakula moto bure. Mwenyewe hajui. Mpwa wangu fundi simu pale sokoni Mtwara alinifundisha. Naingia moja moja, nazilazimisha zisimame." Akabonyeza. "Hii nasimamisha. Hii nasimamisha. Na hii yenu ya mto, hii ndiyo mbaya kabisa, haitulii, hii nasimamisha kwa kila mtu."

"Kwa kila mtu?"

"Kila simu inayoingia humu. Sitaki mtu aseme chaji ya Somoe imemwangusha."

Nilikaa chini, kwenye kreti la soda. Programu ikishalazimishwa kusimama hivyo, arifa haipiti tena mpaka mwenye simu aifungue kwa mkono wake. Ndiyo maana tukija na kufungua, inapona. Ndiyo maana wakichaji, inakufa. Tulikuwa tumetafuta kwenye minara, kwenye seva, mpaka ughaibuni, na kumbe kijiji kizima kilikuwa kinanyamazishwa kwa upendo, simu moja moja, na mwanamke anayejali wateja wake kuliko sisi. Nilimkumbuka bibi wa Mikindani na kanga zake tatu. Umeitunza mno, basi.

Nilimweleza polepole. Alitabasamu mwanzoni. Kisha tabasamu likakaa tu pale usoni bila mwenyewe.

"Na ya Zainabu?" akauliza.

"Unaichaji hapa?"

"Mwanangu achaji wapi tena?" Akageuka kwenye rafu, akatoa simu yenye plasta nyekundu. "Lahaula. Nimemzimia mwanangu kwa mkono wangu, na mjukuu wangu kule. Lahaula walaa kuwata."

Nikamwambia tusilie, tufanye kazi. Tulishusha simu zote za rafuni, tukafungua programu moja baada ya nyingine, tukazirudisha rafuni zikiwa hai. Bi Somoe alikuwa anajua namba ya siri ya kila mtu, jambo ambalo nalo ningelishangaa siku nyingine. Jua lilikuwa limeshalegea tulipomaliza. Nikampigia Hamisi atume.

Eh! Zililia. Rafu nzima ilitetemeka, simu zikagongana, moja ikaruka ikaanguka kwenye unga wa muhogo. Bi Somoe akapiga kigelegele. Tukakumbatiana kama watu walioshinda kesi. Hamisi anapiga kelele kwenye simu, "Kijani, Mama! Namilala kijani!" Nilimwona Mzee Likanga mbele ya macho yangu na koleo lake.

Hatukuwa tumemaliza kucheka, zikalia tena. Zote.

Nikampigia. "Hamisi, inatosha bwana, tumeshaona. Acha kujaribu, utawamalizia chaji, Bi Somoe atatupiga."

"Mama," akasema, "hiyo si ya majaribio."

"Unasemaje?"

"Kipimo cha juu. Maji yamepanda ghafla, mengi, mengi sana. Imejituma yenyewe. Lakini Mama, zimefika! Namilala zimefika zote, hakuna hata moja iliyokwama! Tumefaulu, Mama!"

Nilitazama rafu. Simu zilikuwa zinawaka, zimelala pamoja kwenye mbao, zote zinaniambia mimi na Bi Somoe tuondoke bondeni.

"Bi Somoe. Hizi ni simu za nani?"

"Za bondeni."

"Zote?"

"Leo zamu ya bonde. Sola hazitoshi kuchaji wote siku moja. Siku moja watu wa juu, siku moja watu wa chini. Bakari anakwenda na baiskeli na kikapu, anakusanya dungu kwa dungu, anazileta, jioni anarudisha." Alikuwa anasema haya kwa sauti ndogo, na kila neno lilikuwa linamfumbua macho. "Huko chini hakuna hata mmoja mwenye simu, Mama Faraja. Zote ziko hapa."

Kisha wote wawili tukasema mara moja, "Bakari!"

Bakari alikuwa nyuma ya kibanda anatawadha. Mtu mzima, mwembamba, hana maneno. Alisikia, akaruka kwenye baiskeli na miguu ikiwa bado imelowa, akateremka. Lakini Bakari ni mmoja, na bonde ni pana, na njia za mule ni matuta ya mpunga, hata gari la ofisi dereva alisema likishuka halipandi. Angewafikia wa karibu. Wa mtoni wangechelewa, na Zainabu ni wa mtoni.

Bi Somoe alitoka nje, akatazama huku na huku kama mtu aliyepoteza kitu, akaona debe lake la maji. Akamwaga maji yote. Akashika mwiko wa ugali, akakimbia mpaka ukingoni mwa kijiji pale ardhi inapokatika, akaanza kulipiga. Nilimfuata nikihema.

"Watadhani unafukuza ndege!" nikampigia kelele.

"Ndege gani saa hizi?" akajibu bila kuacha. "Ndege wameshalala! Anayepiga debe magharibi ana jambo!"

Chini kule madungu yalikuwa yameanza kuwa meusi, moshi wa vyakula vya jioni umelala juu ya mpunga. Hakuna aliyetikisika. Bi Somoe akapiga, akapiga, kanga ya kichwa imedondoka, jasho na machozi vimechanganyika, anamwita Mungu na anamwita Zainabu. Kisha kwenye dungu la kwanza, la mzee mmoja, mtu akasimama. Akakaa kimya akisikiliza. Halafu na yeye akachukua debe lake, akapiga.

Nyie! Mimi nimefanya kazi na waya, na minara, na setilaiti. Sijawahi kuona ujumbe ukitembea kwa macho yangu. Dungu la pili likaitikia. La tatu. Sauti ikawa inakwenda inashuka kuelekea mtoni, dungu kwa dungu, kila mmoja anapiga mara chache, anampa wa mbele, anatupa debe, anachukua watoto. Nilijishika kifua. Nilikuwa ninalia na sijui nimeanza saa ngapi.

Wakaanza kupanda. Wanawake na mikeka, wanaume na watoto mabegani, kuku wamefungwa miguu, mzee wa dungu la kwanza na redio yake. Bakari akaja na bibi kizee kamkalisha nyuma ya baiskeli. Kila aliyefika aliuliza kuna nini, tukamjibu, akatazama anga jeupe halafu akatutazama sisi. Wengine walitukana. Wakati huo mto ulikuwa umeshaanza kusikika. Walipousikia, waliacha kutukana.

Na kila mmoja alipita kibandani akachukua simu yake. Nilisimama pale nikiwatazama wanasoma. "Ofisi inawatahadharisha wakazi wote wa maeneo ya bondeni." Walisoma wakiwa juu, wamelowa, wamekalia mabunda yao. Kijana mmoja alisoma mpaka mwisho, akaniuliza kwa upole kabisa kama bado anatakiwa kupiga simu ofisini.

Rafu ikabaki na simu moja, yenye plasta nyekundu. Bi Somoe aliichukua, akakaa nayo kwenye kreti la soda, akaifuta kwa kanga, akaifuta tena. Mimi nilisimama mlangoni na neno moja tu kichwani, sauti ya Mzee Likanga. Mtu je? Mtu je? Mtu je?

Zainabu alitokea wa mwisho kabisa. Matope mpaka kiunoni, viatu hana, mtoto kamfunga juu karibu na shingo, na mtoto mwenyewe amelala. Bi Somoe alijaribu kusimama, akashindwa. Zainabu ndiye aliyemwinamia.

Asubuhi bonde lilikuwa maji matupu. Vilele vya madungu mawili matatu vilionekana, basi. Mpunga wote ulikwenda. Watu walikuwepo wote. Ofisini nilikuta keki. Nisikilizeni vizuri: keki! Taarifa ilikuwa imebandikwa ukutani, "Namilala: arifa zote zimefika," na wakubwa wamekuja kupiga picha nayo. Hamisi alikuwa ameshika kisu cha kukatia. Nilipomaliza kumsimulia simu zilikuwa wapi, alikiweka kisu mezani, akaenda akakaa kwenye kona yake, na yule mtoto hanyamazi, nyie mnamjua. Keki waliila wageni.

Tulibadilisha mambo, na mengi mnayafanya leo bila kujua yametoka wapi. Mnapomwandikisha mkulima mnamuuliza simu yake inachajiwa wapi na siku gani. Sasa mnajua. Bi Somoe tulimwekea spika kubwa juu ya bati, na bado anasimamisha programu za watu, ila ya mto anaipitia mbali. Anasema sifa yake imepungua kidogo. Na pembeni ya spika lipo debe, maana spika nayo inachajiwa.

Lakini mnisomee hili la mwisho, ndilo nililoandikia yote. Miezi ilipita, nikarudi Namilala kuandikisha watu upya. Zainabu alikuja kwenye zamu yake, mtoto sasa anatembea, anavuta waya za bibi yake. Nikamuuliza maswali yangu, akajibu. Kisha akaegemea meza.

"Mama, nikwambie kweli? Usikasirike."

"Sema mwanangu."

"Siku ile ningekuwa na simu yangu, ningekufa."

Nilidhani sikusikia. Akaendelea, ametulia tu, anamtazama mtoto. "Nilisikia debe, nikajiuliza, kuna nini? Mkono wangu ukaenda penye simu. Ningempigia mama nimuulize. Kule mtoni unakamata ng'ambo, ningepanda juu ya dungu kutafuta mtandao, ningepiga, isingekwenda, ningepiga tena. Mimi najijua. Na hata arifa yenu ingekuja, si imeandikwa mpige mpate maelezo? Ningepiga. Simu haikuwepo, nikasema basi, nikamchukua mtoto nikakimbia. Nilipofika kwenye tuta la juu nikageuka, maji yalikuwa yameshashika ngazi ya dungu."

Mdomo wangu ulibaki wazi. Miaka yote hii ya kuhakikisha kitu kinafika, na mtoto huyu yupo mbele yangu kwa sababu hakikufika. Bi Somoe alikuwa amesimama nyuma yetu na waya mkononi. Alikuwa halijui hilo. Akaketi taratibu.

"Sasa niambie, Mama," Zainabu akasema. "Ikija tena, na simu ninayo mkononi, nifanye nini? Nikimbie au niulize?"

"Kimbia," nikamwambia. "Kimbia mwanangu. Utauliza ukifika."

Nilirudi mjini nikaomba kikao cha kubadilisha maneno ya arifa. Walibisha sana, walisema maneno yangu hayana hadhi ya kiofisi. Nilibisha zaidi, nilikuwa ninastaafu, wangenifanya nini? Ndiyo kazi yangu ya mwisho niliyoiacha pale, na ikilia simu yako huko bondeni utaisoma yote kwa mara moja, haina namba ya kupiga:

Kimbilia juu. Utauliza ukifika.